Maswali ya kolimeta: sogeza kamera kwanza

Tunaandaa zabuni ya kamera ya gama. Kolimeta ipi hutoa picha kali kuliko zote?

Swali hili huja kila mwezi, na hakuna anayesema anakwenda kupiga picha ya nini. Kolimeta ni bamba la risasi (metali, si ya bunduki) lenye matundu mengi; hukaa mbele ya kamera na kupitisha tu fotoni, yaani chembe za miale ya gama, zinazotoka kwa mgonjwa aliyepewa dawa yenye mnururisho na kuja kwa mwelekeo wa matundu. Ukali una gharama yake. Ukiyafanya matundu kuwa membamba au marefu zaidi, kila tundu linaona eneo dogo, lakini fotoni zinazopita hupungua kwa kasi: ukali ukiongezeka mara mbili, unapoteza takriban robo tatu ya fotoni. Na kolimeta ya kawaida tayari hupitisha kama fotoni 1 tu kati ya 10,000. Kwa mifupa ya mtu anayeweza kulala tuli, chukua ya ukali. Kwa figo, ambako picha hufuatana kila baada ya sekunde chache, chukua inayopitisha fotoni nyingi zaidi. Na muuzaji akikutajia milimita, muulize zilipimwa kwa umbali gani.

Mwalimu, nimepima mwenyewe: nikiitenga kamera na chanzo cha miale, hesabu ya fotoni haipungui. Kwa nini unasisitiza tumkaribie mgonjwa?

Kipimo chako ni sahihi, ila umekielewa vibaya. Kamera ikienda mbali, kila tundu hupokea kidogo, lakini matundu mengi zaidi huanza kukiona chanzo kilekile, ndiyo maana jumla haibadiliki. Matundu hayo ya ziada ndiyo yanayotia ukungu. Chukua tundu lenye upana wa milimita 1.5 na urefu wa milimita 25. Chanzo kikiwa sentimita 5 kutoka kwenye kolimeta, doa lake huwa na upana wa karibu milimita 4.5; kwa sentimita 10 ni 7.5, kwa sentimita 20 ni 13.5. Kolimeta ni ileile! Inaniuma kuona kifaa cha bei kubwa kimeachwa juu sana ya kifua cha mgonjwa kwa sababu mtu hakutaka kushusha kichwa cha kamera. Ila mwelezeni mgonjwa kwanza. Chuma kikimshukia usoni bila neno ataogopa, na akitikisika kazi yote imeharibika.

Kwa nini tusitumie lenzi?

Kioo hakipindi miale ya gama. Hal Anger, aliyeunda kamera hii Berkeley miaka ya 1950, alianza na kolimeta ya tundu moja.

Picha ya iodini-131 imetoka na nyota ya ncha sita shingoni. Kamera ni mbovu?

Hapana. Fotoni zimepenya kuta za matundu. Fotoni za teknesi-99m, dawa ya mnururisho ya kawaida, zenye nishati ya kiloelektronivolti 140, hupungua kwa nusu zikipita robo milimita hivi ya risasi. Zile kuu za iodini-131 ni 364, na huhitaji zaidi ya milimita 2. Matundu yana pembe sita, kwa hiyo fotoni hupenya zaidi kuelekea pande sita ambako risasi ya kukatiza ni chache. Hakikisha umeweka kolimeta ya nishati kubwa, yenye kuta nene. Hata hiyo inaweza kuonyesha nyota pale mabaki ya tezi ya thairoidi, iliyoko shingoni, yanapofyonza iodini nyingi. Tafadhali, miale ya nyota isiandikwe kwenye ripoti kuwa saratani imesambaa. Niliwahi kuona rasimu ya namna hiyo, na mgonjwa alikuwa ameshaitwa.

Kwa tezi ya thairoidi je?

Kolimeta ya tundu la sindano, yaani yenye tundu moja dogo, karibu na shingo. Hukuza picha, na ukuzaji hubadilika kwa umbali, kwa hiyo usipime ukubwa wa tezi bila kuweka alama za umbali unaojulikana.