Darubini mpya inaonesha vitu viwili badala ya kimoja

SWALI: Shikamoo fundi. Mimi ni dereva wa watalii, niko Karatu. Nimenunua darubini mpya ya macho mawili, 10x42 (inakuza mara 10, lenzi kubwa za mbele zina upana wa milimita 42). Nikitazama mbali, kila kitu kina kama kivuli chake kimekaa juu kidogo, na baada ya dakika kumi kichwa kinauma. Mwenzangu anasema yeye haoni tatizo. Je, ni macho yangu?

JIBU: Marahaba. Usiyalaumu macho yako bado, na maneno ya mwenzako yasikutulize. Macho hujitahidi kuzivuta picha mbili zilizoachana ziwe moja, na wapo ambao macho yao huvumilia zaidi. Picha zikiachana kwa pembeni, macho humudu kiasi. Zikipishana juu na chini hayamudu, na hilo ndilo ulilonieleza.

Kwanza tuhakikishe umeirekebisha sawasawa. Ikunje au ikunjue kwenye bawaba mpaka maduara mawili yawe moja. Funika lenzi kubwa ya kulia kwa kiganja (usifumbe jicho, maana na la pili hukazana), kisha zungusha kigurudumu cha katikati mpaka jicho la kushoto lione vizuri kitu cha mbali. Halafu funika ya kushoto, kigurudumu usikiguse tena, zungusha pete ya jicho la kulia. Pete ikikosewa huleta ukungu upande mmoja na kuumiza kichwa, ila haipandishi picha juu.

Kama kivuli bado kipo, zima gari, iegemeze darubini kwenye boneti ikiwa imelala sawa, ulenge waya wa umeme au ukingo wa paa la bati ulio nusu kilometa au zaidi. Kitu cha mita chache hakifai kwa kipimo hiki, utaionea darubini bure. Waya ukionekana vizuri, rudisha uso nyuma polepole, kama sentimita 15, bila kuinamisha kichwa, huku ukiendelea kutazama kwenye vioo. Utaona maduara mawili madogo, kila moja na waya wake. Yatazame kwa utulivu. Nyaya hizo zinatakiwa ziwe kimo kimoja, kama uzi mmoja unaopita nyuma ya matundu mawili. Mmoja ukikaa juu ya mwenzake, darubini ni mbovu, macho yako ni mazima.

Ndani yake kuna prizimu, yaani vipande vya kioo vinavyoigeuza picha; bila hizo twiga angeonekana kichwa chini. Darubini ikidondoka njiani, hata ikiwa ndani ya boksi, prizimu moja inaweza kujongea kidogo sana, na ukuzaji wa mara 10 hulikuza kosa hilo.

Nakuomba sana usichokonoe skrubu zilizofichwa chini ya raba. Nimeletewa nyingi zilizoguswa hivyo: picha imekaa sawa kwa upana wa macho ya aliyeikaza tu, mwingine akiikunjua kidogo picha zinaachana upya. Na kama ni ya kuzuia maji, ukiifungua umeruhusu unyevu kuingia, na waranti imekwisha.

Irudishe dukani na risiti yake. Mtoe muuzaji mpaka mlangoni, mwoneshe waya kama nilivyokueleza, na hiyo atakayokubadilishia uipime hapohapo kabla hujaondoka.