Kabla hujasema "inainuka", jaribu na tano

Julai ya Mbeya haina utani. Usiku ule nilikuwa nimejifunika blanketi, chai ya Tukuyu pembeni, naandaa mada ya semina ya kesho yake. Swali lenyewe: una kundi la matriksi za mbili kwa mbili, namba zake ni mabaki ya kugawanya kwa namba tasa p. Je, unaweza kuziinua zote ziwe matriksi za namba nzima za p-adiki (namba zinazobeba kwa pamoja mabaki ya p, ya p mara p, na kuendelea), kila moja ikirudi ileile ukichukua tena mabaki ya p, bila kuvuruga namna zinavyozidishana?

Nikaanza na 2. Matriksi [1 1, 0 1] (mstari wa juu 1 1, wa chini 0 1), ukihesabu kwa mabaki ya 2, mraba wake ni [1 0, 0 1]. Nikaiinua kuwa [1 1, 0 -1], mraba wake ni uleule, tena kwa namba nzima za kawaida. Nikaenda 3. Hapo [1 1, 0 1] ilinisumbua kidogo, maana kipeo chake cha tatu ni [1 3, 0 1], na 3 si sifuri tena ukishatoka kwenye mabaki. Mwishowe nikapata [1 1, -3 -2]. Izidishe mwenyewe mara tatu uone: inarudi [1 0, 0 1]. Nikafunga daftari, nikalala kwa amani.

Kesho yake nikatangaza kwamba mambo yako hivyo kwa kila namba tasa. Mzee mmoja aliyekaa nyuma, koti hadi shingoni, akauliza taratibu: "Mwalimu, tano umeijaribu?"

Sikuwa nimeijaribu. Na tano haiinuki. Chukua matriksi yoyote ya mabaki ya 25 ambayo kwa mabaki ya 5 inakuwa [1 1, 0 1]. Ziko 625. Kipeo cha tano cha kila moja ni [1 5, 0 1], bila ubaguzi. Hakuna hata moja inayorudi nyumbani kwa [1 0, 0 1], kama [1 1, 0 1] inavyofanya kwa mabaki ya 5. Ni kama gunia la lumbesa pale Uyole: kwa macho ni gunia tu, ukiinama kulibeba ndipo mgongo unakwambia.

Sababu imejificha kwenye kukokotoa kipeo. Andika matriksi kama I + N + 5A, ambapo I ni [1 0, 0 1], N ni [0 1, 0 0] ambayo mraba wake ni sifuri, na A ni matriksi yoyote; kwa 3, weka 3A badala ya 5A. Neno pekee lililoruhusu 3 kupona ni NAN (N mara A mara N), linalotokea kwenye kipeo cha tatu cha N + 3A. Kwa 3 hilo ndilo neno la mwisho, halina kizidisho. Kwa 5 linakuja limezidishwa kwa 10, na 10 mara 5 ni 50, basi kwa mabaki ya 25 limekwisha. Mwanahisabati Mfaransa Jean-Pierre Serre alionyesha jambo zito zaidi: kuanzia 5, kundi dogo funge la SL₂ (matriksi za mbili kwa mbili zenye determinanti 1) ya namba nzima za p-adiki likijaza kivuli chake chote cha mabaki ya p, basi ni kundi zima.

Jambo jingine lililonipotezea wiki nzima: neno "kuinua" lina kazi mbili. Ukiwa na uwakilishi (kanuni ya kumpa kila mwanakundi matriksi bila kuvuruga kuzidishana) wa GL₂ ya mabaki ya p, yaani matriksi zote za mbili kwa mbili zenye kinyume, kwa matriksi za namba changamano, kuupeleka kwenye GL₂ ya namba nzima za p-adiki hakuna shida yoyote. Unapunguza kwanza hadi mabaki, kisha unatumia uwakilishi ulionao. Hapo ni kundi linalobadilika, namba za ndani ya matriksi za uwakilishi zinabaki zilezile. Kwenye swali langu la semina, namba ndizo zilizobadilika. Siku hizi nikifungua karatasi yoyote yenye neno hilo, naandika pembeni kwa penseli: kundi au namba?