Mwanangu, kuhusu kile kiapo

Mwanangu mpendwa,

Barua yako niliisoma mara ya kwanza nimesimama; mara ya pili ikabidi nikae. Umeniuliza: "Mama, mwezi ujao nikila kiapo cha uraia wa huku, nitakuwa nimewakana? Nitabaki kuwa nani?" Kisha ukachomekea chini, kana kwamba ni jambo dogo, kuwa mjomba wako amekutumia maneno matatu tu: mkataa kwao mtumwa.

Nimechelewa kujibu kwa sababu jibu la haraka nililiona linakwepa. Ningekuandikia "wewe ni mwanangu, basi", lakini hilo hukuliuliza. Umeuliza kama wewe ni wa nchi, na wa nchi ipi.

Nianze na karatasi. Wako wanaopenda kusema kwamba pasipoti ni karatasi tu. Chunguza, utakuta wote wanayo. Slovenia ilipojitenga na Yugoslavia mwaka 1991, wakazi wake wenye asili ya jamhuri nyingine za shirikisho hilo walipewa miezi sita waombe uraia. Februari 26, 1992, ambao hawakuomba, au waliokataliwa, wakafutwa kwenye daftari la wakazi. Hawakutangaziwa. Walikuwa watu 25,671. Wengine waligundua siku walipokwenda ofisini kwa shida ya kawaida, wakaambiwa vitambulisho vyao havitambuliki tena. Fikiria mtu ana nyumba yake, ana kazi, watoto wanasoma pale pale, na ghafla hayupo. Kazi ikapotea, matibabu yakapotea, pensheni ikapotea. Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu iliwapa haki yao mwaka 2012, miaka ishirini baadaye, na miaka ishirini ni umri wa mtoto kukua akawa mtu mzima.

Kwa hiyo karatasi ichukue, mwanangu. Tangazo la haki za binadamu la mwaka 1948 liliweka kifungu kizima, cha 15, kusema kila mtu ana haki ya kuwa na uraia. Lisingekuwa jambo zito wasingelihangaikia. Usikubali mtu akutie haya kwa kutaka jina lako liwe kwenye daftari la mahali unapolala, unapolipa kodi na unapougulia.

Sasa mjomba wako. Yeye anaamini damu, na simcheki, maana nusu ya dunia inaamini hivyo hivyo. Lakini tazama damu inavyotii sheria. Marekani, tangu marekebisho ya 14 ya katiba yao mwaka 1868, anayezaliwa pale ni raia, ukiacha wachache kama watoto wa mabalozi. Ujerumani, kwa sheria ya mwaka 1913, ilitazama wazazi. Wafanyakazi walioitwa kutoka nje wakazaa huko, watoto wakasoma huko, wakaota ndoto zao kwa Kijerumani, na bado wakahesabiwa wageni. Mwaka 2000 sheria ikabadilika: mzazi mmoja akiwa ameishi kihalali miaka 8, mtoto aliyezaliwa huko akahesabiwa raia. Sheria ndiyo iliyobadilika. Damu ilibaki ile ile.

Na hata maneno yetu yenyewe yanavutana. Mzalendo limebeba uzazi ndani yake. Raia tumelitoa kwenye Kiarabu, na huko mwanzo lilikuwa kundi linalochungwa, kisha watu walio chini ya mtawala. Moja linakuuliza ulizaliwa wapi, jingine linakuuliza mchungaji wako ni nani. Sioni hata moja linalojibu swali lako.

Nikaenda kutafuta jibu kwenye barua zako. Usishangae, ninazo zote, hata zile ujumbe mfupi nilizozinakili daftarini kabla simu ya zamani haijafa. Nilikuwa natafuta kitu kimoja: unapoitaja nchi, unatumia tu- au wa-?

Mwaka wako wa kwanza huko: "Wana reli nzuri. Wanakula mapema. Wamepitisha sheria mpya ya wageni." Wa-, wa-, wa-. Kila kitu chao. Mwaka wa nne nikaona "tuna baridi kali mwaka huu", lakini hiyo sikuihesabu, baridi humpata kila mtu. Halafu ile ya mwaka jana, uliyoandika usiku baada ya kuona wakimbizi wamelazwa nje kwenye mvua. Uliandika: "Mama, tulivyowafanyia hawa watu ni aibu." Nadhani hukujisikia ukiandika. Mimi nilisikia.

Nikakumbuka usiku mwingine. Ulikuwa na miaka kumi na miwili, televisheni ikaonyesha askari wa nchi yetu wakimpiga mtu aliyekwisha kulala chini. Hukuuliza kwa nini wanampiga. Uliuliza, "Mama, kwa nini tunampiga?" Nilikosa la kusema, nikakutuma maji. Samahani kwa hilo.

Hapo ndipo ninapoona jambo lenyewe. Fahari haithibitishi kitu. Fahari ni rahisi; mtu huweza kuvaa jezi ya timu ya nchi asiyoijua ilipo kwenye ramani, akashangilia mpaka sauti ikakauka. Lakini huoni aibu kwa kosa la mtu asiye wako. Jirani akimtukana mama yake utasikitika, utamhurumia yule mama; ndugu yako akifanya hivyo utaangalia chini. Nchi inayokufanya uangalie chini ni yako, hata kama bado haijakuandika.

Kuna mtu mmoja ninayemfikiria kila swali hili linapokuja. Willy Brandt alikimbia Ujerumani mwaka 1933 akiwa na miaka 19, akaenda Norway akiwapinga Wanazi. Mwaka 1938 wakamvua uraia. Akawa raia wa Norway, kisha akarudi na kupata tena uraia wa Ujerumani mwaka 1948. Alipoingia kwenye siasa za juu, wapinzani wake walimsimanga: miaka kumi na miwili ulikuwa unafanya nini huko nje? Mjomba wako asingekosa kwenye kundi lile, na hilo nitamwambia mwenyewe.

Desemba 7, 1970, akiwa kansela, yaani mkuu wa serikali ya Ujerumani Magharibi, alikwenda Warsaw, Poland, kuweka shada kwenye mnara wa Wayahudi waliopigana ndani ya geto, mtaa waliofungiwa na Wanazi. Aliweka shada, akatengeneza utepe, kisha akapiga magoti kwenye jiwe lenye unyevu, akanyamaza. Wajerumani wengi waliobaki nyumbani na kutii hawakupiga magoti. Aliyepiga ni yule waliyemfukuza, ambaye mikono yake haikuwa na damu ya watu wale. Gazeti moja la kwao liliwauliza wananchi: asilimia 48 walisema amezidisha, 41 wakasema inafaa. Mimi nikiitazama picha ile siioni pasipoti yake. Namwona mtu aliyechagua tu- pale ambapo wa- ingekuwa halali yake kabisa.

Wewe sasa unazo tu- mbili. Sitakudanganya kwamba ni raha. Mwenye nchi mbili ana aibu mbili za kubeba, na kila upande utakuona nusu. Huko watakuuliza "lakini hasa hasa ni wa wapi?", na huku ukija likizo watakuita mgeni kwa mzaha usio mzaha. Waliozaliwa, wakakua na kuzeeka mahali pamoja hawalijui hilo, ndiyo maana methali zao huwa fupi.

Kama sheria itakutaka urudishe pasipoti ya kwetu, irudishe. Itaniuma. Nitaweka picha yako ya pasipoti ile ya kwanza, ulipokataa kufunga mdomo mpaka mpiga picha akakasirika, kwenye droo pamoja na cheti chako cha kuzaliwa. Hicho hakuna anayeweza kukuomba ukirudishe.

Jambo moja ninakuomba. Siku ukiacha kuona aibu kwa ajili yetu, ukisoma habari za huku ukasema "hao watu bwana, wana mambo", niandikie. Hapo nitajua umeondoka, na nitalia kidogo, kisha nitazoea. Mpaka sasa hujaondoka. Juzi tu ulinipigia simu ukigomba kuhusu uchaguzi wetu, umekasirika kuliko mimi niliyepanga foleni.

Mjomba wako usimjibu, niachie mimi. Nitumie tu siku na saa ya kiapo. Tofauti ya saa nitaihesabu mwenyewe, na kama itakuwa usiku wa manane huku, nitakuwa macho.

Mama yako