Maswali ya wasomaji: majani ya krisanthemumu yakishapikwa hubaki na nini?

SWALI: Ndugu mtaalamu, nimeanza kula majani ya krisanthemumu, ile mboga ambayo Wajapani huiita shungiku. Huyachemsha mpaka yalainike kabisa, kisha humwaga maji, ambayo huwa yamegeuka rangi ya kijani. Katika jedwali moja la lishe nimeona kwamba gramu 100 za mboga hii iliyochemshwa zina kalori 20 tu. Je, ninakula chakula au ninakula maji? Tena mume wangu anatumia dawa ya kuzuia damu kuganda; anaweza kula nami?

JIBU: Dada msomaji, unakula vyote viwili. Zaidi ya asilimia 90 ya uzito wa mboga hii ni maji, na mafuta yake hayafiki hata gramu moja katika hizo 100. Lakini kalori hupima nishati peke yake, na sidhani kama yupo anayekula majani ili apate nguvu ya kulima. Katika kipimo hicho hicho mna nyuzinyuzi zipatazo gramu 2, potasiamu inayozidi miligramu 500, kalisi inayokaribia miligramu 70, madini ya chuma kati ya miligramu 3 na 4, na beta-karotini ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A. Vitamini K ni nyingi kiasi kwamba bakuli dogo linamtosha mtu mzima kwa siku nzima. Chuma kisikudanganye, kwa sababu chuma cha mimea hufyonzwa kwa shida kuliko cha nyama. Kamulia limau juu ya mboga, na uache chai au kahawa mpaka saa moja au mbili baada ya mlo.

Ninalotilia shaka ni namna unavyopika. Vitamini C na foleti, ambayo ni mojawapo ya vitamini B, huyeyuka katika maji, kwa hiyo kadiri majani yanavyokaa ndani ya sufuria ndivyo zinavyohamia kwenye maji unayoyamwaga, na joto nalo huiharibu vitamini C. Beta-karotini na vitamini K haziyeyuki katika maji, hivyo sehemu kubwa hubaki kwenye jani. Maji yakishachemka, tumbukiza kwanza mashina, ambayo ni magumu, na baada ya nusu dakika hivi ongeza majani. Yaopoe mara tu yanaponywea yakiwa bado na kijani kilichokolea, yapitishe kwenye maji baridi, kisha yakamue taratibu. Yakishakuwa na rangi ya zeituni iliyofifia, ujue asidi iliyomo ndani ya jani imekwisha kuing'oa madini ya magnesi kutoka kwenye klorofili, yaani kile kinacholipa jani rangi ya kijani, nayo ni dalili kwamba umepitiliza. Hapo hata uchungu wa mboga hii, ambao ukiwa kidogo hupendeza, huzidi. Ukipenda yalainike sana, yapike ndani ya supu na uinywe supu yote. Matone machache ya mafuta ya ufuta, au mafuta yoyote ya kula, huusaidia mwili kuifyonza beta-karotini.

Kuhusu mume wako, jambo la kwanza ni kujua jina la dawa yake. Ikiwa ni warfarini, dawa hiyo hufanya kazi kwa kuizuia vitamini K isilisaidie ini kutengeneza viini vya kugandisha damu, kwa hiyo sahani kubwa ya majani haya wiki hii na kutokula kabisa wiki ijayo kunaweza kuvuruga kipimo chake. Hakatazwi kula, anatakiwa ale kiasi kisichobadilikabadilika, na amweleze daktari kabla ya kuiingiza mboga hii katika milo yake ili damu ipimwe ipasavyo. Dawa mpya zaidi, kama vile apiksabani, hazipitii njia ya vitamini K.

SWALI: Nina krisanthemumu za mapambo. Naweza kuchuma majani yake nikapika?

JIBU: La, usifanye hivyo. Mboga inayozungumziwa hapa ni Glebionis coronaria, mmea wenye asili ya nchi zinazoizunguka Bahari ya Mediterania, ambao ni ndugu tu wa maua ya mapambo, kama ulivyo pia ndugu wa pareto inayotengenezewa dawa ya wadudu. Maua ya kuuzwa hunyunyiziwa dawa ambazo hazikukusudiwa kuingia tumboni, na kuyaosha hakutoshi kuziondoa zote. Nunua mbegu za mboga yenyewe. Aliye na mzio wa kamomili au wa jamaa nyingine za alizeti na aanze kwa kiasi kidogo sana, au amwone daktari kwanza. Na mgonjwa wa figo aliyeambiwa apunguze potasiamu ndiye anayefaa kuchemsha kwa maji mengi na kuyamwaga, hata kama vitamini kadhaa zitakwenda nayo.