Kwa nini Sonny Rollins aliacha jukwaa akiwa kileleni?

SWALI: Mhariri, nimesoma kwamba mpulizaji saksofoni wa jazi wa Marekani, Sonny Rollins, aliacha kupiga mbele za watu mwaka 1959, akawa anakwenda kufanyia mazoezi darajani. Rafiki yangu anashikilia kwamba mambo yalikuwa yamemwendea mrama. Je, ni kweli? – Msomaji, Morogoro

JIBU: Hapana, ndugu msomaji. Rollins, aliyezaliwa New York mwaka 1930 na wazazi wenye asili ya Visiwa vya Virgin, alikuwa hajatimiza miaka 30 alipoondoka, na tayari alihesabiwa miongoni mwa wapulizaji wakubwa wa saksofoni aina ya “tenor”, yenye sauti nzito kiasi. Santuri yake ya mwaka 1956, Saxophone Colossus, ilikuwa imekwisha kumjengea jina. Mwaka uliofuata alithubutu kupiga na besi na ngoma tu, bila piano, ingawa piano ndiyo kwa kawaida humshikia mpulizaji msingi wa sauti anaotembelea. Ikiondolewa, kila anachokosea husikika waziwazi.

Kilichomwondoa ni kutoridhika. Alieleza baadaye kwamba sifa zilikuwa zimemjia mapema mno, na kwamba bado alikuwa na mengi ya kunoa katika ufundi wake. Wakati huo alikuwa akiishi mtaa wa Grand Street, katika Manhattan, sehemu ya New York, na kwa kuwa jirani yake mmoja alikuwa mjamzito, hakutaka kumsumbua kwa sauti ya saksofoni. Hapo karibu lilikuwapo daraja la Williamsburg, linalovuka mto kwenda Brooklyn, sehemu nyingine ya mji huo, lenye njia ya waenda kwa miguu. Huko alipuliza kwa saa nyingi, mchana na usiku, kiangazi na kipupwe, treni zikinguruma na meli zikipiga honi mtoni, naye mara nyingine akizijibu honi hizo kwa saksofoni. Mahali pa wazi namna ile hapana ukuta wa kurudisha sauti, kwa hiyo mpulizaji hana budi kuitoa yote kifuani mwake.

Rafiki yako angezingatia pia kwamba haikuwa mara ya kwanza Rollins kujitenga. Mwaka 1955, akiwa ametawaliwa na heroini, Rollins aliingia kwa hiari hospitali ya Lexington, Kentucky, akatibiwa; kisha akakaa Chicago akifanya vibarua na mazoezi, mbali na vishawishi vya klabu, hadi alipojiunga na bendi ya mpiga ngoma Max Roach na mpiga tarumbeta Clifford Brown mwishoni mwa mwaka huohuo. Kwa maoni yangu, bila kujitenga kule Saxophone Colossus isingepatikana.

Alirudi jukwaani mwaka 1961, na mwaka 1962 akatoa santuri aliyoiita The Bridge, yaani “Daraja”, akiwa na mpiga gitaa Jim Hall. Baadhi ya wahakiki walivunjika moyo, kwa sababu mpulizaji saksofoni mwenzake, Ornette Coleman, alikuwa amekwisha kuutikisa mji wa New York kwa jazi huria, yaani jazi isiyofungwa na kanuni zilizozoeleka, nao walitarajia Rollins arudi na mapinduzi makubwa zaidi. Naona hawakumtendea haki. Sikiliza wimbo wa kwanza, “Without a Song”: saksofoni imetulia na kujaa pumzi, na gitaa la Hall linaiachia nafasi badala ya kuijaza.