Kabla hujapaka rangi upya, jua kwanza maji yanatokea wapi

Mvua za huku Kigoma zikishaanza Oktoba au Novemba zinaenda mpaka Aprili, Mei huko, na zikikolea tu utasikia watu wanalalamika kuta zimeota ukungu mweusi, na wengi wanachokimbilia ni fundi rangi. Ndugu zangu, rangi haizuii maji, itabanduka tu. Kitu kikilowa kikabaki hivyo, ukungu unaweza kuanza ndani ya siku moja au mbili.

Angalia doa liko wapi. Likitokea darini likashuka, panda juu ukague misumari na kofia za bati, yale mabati yanayofunika kilele cha paa. Likianzia chini kwenye msingi likapanda mpaka kama mita moja hivi, lina chumvi nyeupe na plasta ukiigusa inamomonyoka, hayo ni maji ya ardhini, na tofali za kuchoma zinanyonya kweli kweli. Afu mji wetu ni vilima, mtu anakata mlima apate kiwanja, ukuta wa nyuma unabaki umeegemewa na udongo, hapo lazima ulie!

Kwa shangazi yangu pale Mwanga ilikua hivyohivyo. Tulisogeza kabati chumba cha nyuma, ukuta wote mweusi na nguo zinanuka uvundo, yeye akawa anasema ni joto la watoto kulala wengi. Tukakata kipande cha nailoni, tukakibandika ukutani na selotepu pande zote nne, tukakiacha siku mbili. Matone yakawa upande wa ukutani, yani maji yanapita ukutani kabisa. Yangekua upande wa chumbani ndo tungesema ni unyevu wa hewa ya humo ndani, tufungue madirisha. Dawa ikawa kuutoa ule udongo na kuchimba mtaro, ukuta ukaachwa ukauke miezi kadhaa ndo plasta mpya.

Kusafisha, usisugue pakavu maana vumbi lake unalivuta, na mwenye pumu asiwepo kabisa. Lowesha, vaa barakoa, tumia sabuni na maji. Na tafadhali usichanganye dawa ya madoa ya nguo na asidi ya chooni, ile hewa yake ni sumu.

Kama doa linalowa hata Julai kwenye kiangazi, funga mabomba yote uangalie mita ya maji, ikiwa bado inazunguka tafuta bomba linalovuja.