Bei ya Zamani ya Mashine ya Pinboli Isikudanganye

Karibu kila anayetaka kununua mashine ya kale ya pinboli huniuliza kwanza iliuzwa dola ngapi ilipotoka kiwandani. Kwa mpenda historia hilo ni swali zuri, lakini halifai kuwa msingi wa kupatana bei.

Mchezo huu wa gololi ya chuma, inayorushwa kwenye ubao ulioinama ili igonge shabaha na kupata alama, ulipata kuwa biashara kubwa huko Chicago, wakati wa mdororo wa uchumi wa Marekani. Mwaka 1931 kampuni ya Gottlieb ilitoa Baffle Ball kwa dola 17.50, na mwaka uliofuata Raymond Moloney akaleta Ballyhoo kwa dola 16.50. Hayo yalikuwa masanduku madogo ya kuwekwa juu ya kaunta, yasiyo na umeme. Umeme ulianza kuzoeleka baada ya Contact ya Harry Williams, mwaka 1933, na vibao vya kupigia gololi vilikuja mwaka 1947 katika Humpty Dumpty. Basi muuzaji anayekutajia dola 17.50 ili ushangae jinsi mashine yake ya miaka ya 1960 ilivyopanda thamani anazungumzia chombo kingine kabisa.

Isitoshe, bei ya kiwandani haikumhusu mchezaji. Mnunuzi alikuwa mfanyabiashara aliyeiweka mashine kwenye baa au mgahawa, kisha akagawana sarafu na mwenye mahali. Tuseme ilimgharimu dola 500, mchezo mmoja ni senti 10, na mapato wanagawana nusu kwa nusu: ilibidi ichezwe mara 10,000 ndipo arudishe mtaji wake, bila kuhesabu matengenezo. Kwa sababu hiyo wabunifu kama Wayne Neyens wa Gottlieb na Steve Kordek wa kampuni ya Williams walitunga michezo ambayo mgeni huielewa kwa kuitazama tu, lakini aliyeizoea bado hutoa sarafu nyingine. Nadhani mvuto tunaougharimia leo ulitokana na shida hiyo ya kibiashara kuliko kitu kingine chochote.

Inua ubao wa kuchezea uone jinsi mashine inavyohesabu. Gololi ikigonga shabaha ya alama 50, rilei (swichi inayovutwa na sumaku ya umeme) hujifunga, mota ndogo huanza kuzungusha visahani vyenye meno, na visahani hivyo hufunga na kufungua swichi mara tano. Kila mara gurudumu la namba husogea hatua moja na kengele hulia. Hakuna kompyuta wala spika, na hesabu yote unaisikia kwa masikio yako. Kuanzia mwaka 1977 viwanda vikubwa vilihamia kwenye elektroniki, na kwa maoni yangu sauti ile haijapata mrithi.

Muuzaji akikwambia mashine yake ni adimu, hilo nalo lisikutishe, kwani uchache si lazima ili mashine ipendwe. Captain Fantastic ya kampuni ya Bally, ya mwaka 1976, ilitengenezwa kwa zaidi ya 16,000, na bado watu wanaitafuta.

Unapokwenda kukagua, anza na kioo cha nyuma, kile chenye picha kinachosimama mbele ya macho ya mchezaji. Picha yake imechapwa upande wa ndani wa kioo, na joto la balbu pamoja na unyevu huibambua. Ikishabambuka, hakuna fundi atakayeirudisha kama ilivyokuwa, kwa hiyo usiisugue hata kwa kitambaa chenye maji. Kisha tazama ubao, hasa kuzunguka bampa (vile viguzo vinavyoirusha gololi ikivigusa), uone kama rangi imelika hadi kwenye mbao. Mimi huchagua mashine isiyowaka yenye kioo na ubao mzima, nikaiacha inayocheza vizuri lakini picha zake zimekwisha, kwa kuwa ugonjwa wa kawaida wa mashine hizi ni swichi chafu au zilizopinda, na tiba yake ni tupa nyembamba na saburi. Usitumie msasa mkavu kwenye ncha za swichi, wala usipulizie mafuta, kwani hunasa vumbi na yanaweza kushika moto cheche zinaporuka.

Mashine iliyolala kwa miaka usiichomeke kwanza. Hakikisha kila fyuzi ni ya kipimo kilichoandikwa pale ilipo, maana wengi walikuwa wakiweka kubwa zaidi ili isikatike, na matokeo yake ni koili (waya uliosokotwa unaofanya kazi ya sumaku) kuungua. Mashine nyingi za zamani zilitoka na waya wa pini mbili. Mwombe fundi umeme aweke wa pini tatu wenye ardhi.

Kwa anayefikiria kuisafirisha hadi Mombasa au Dar es Salaam, mashine za soko la Marekani hutumia volti 120 na hezi 60 (mizunguko ya umeme kwa sekunde). Transfoma ya kushusha volti itakusaidia, ila haibadilishi hezi, hivyo kwenye umeme wetu wa hezi 50 mota ya alama itazunguka polepole kidogo na kengele zitalia kwa mwendo huo. Unyevu wa pwani ndio adui mkubwa zaidi, kwa kuwa hushambulia swichi, mbao na kile kioo kwa pamoja. Weka gharama ya chumba kikavu katika hesabu yako kabla hujamtajia muuzaji bei.